Jina la Nne

"Maji yakiisha," alisema Guesh, akiikung'uta chupa ya bati juu ya kiganja chake, "nitaanza kukunywa wewe."

"Mimi nina sumu," alijibu Abrehet.

"Hilo nimelijua tangu juzi. Nauliza tu kama ni ya kuua haraka au ya taratibu."

Tone moja likadondoka. La pili likaning'inia kwenye mdomo wa chupa, likajifikiria, likaanguka. La tatu halikuja. Guesh akakunja kiganja kama mtu aliyeshika kifaranga, akapiga magoti kwenye mchanga, akamsogezea.

"Kunywa."

"Kunywa wewe. Wewe ndiye mwenye miguu."

"Kunywa, dada. Yatakauka huku tunabishana, halafu tutakuwa tumekosa wote wawili kwa ajili ya adabu."

Abrehet aliyatazama yale matone, kisha akamtazama mwenye kiganja. Midomo ya Guesh ilikuwa imepasukapasuka, lakini macho yalikuwa yaleyale, macho ya mtu anayejizuia kucheka kanisani. Akainama, akalamba. Yalikuwa na ladha ya chumvi na kutu. Alipoinua uso alikuta yule bwana ameacha kutabasamu, anamwangalia tu, na hilo likamtia hofu kuliko kiu.

Siku tatu kabla ya hapo, hawa wawili walikuwa na kazi moja tu duniani: kuuana. Handaki la kina Abrehet lilikuwa juu ya ukingo wa kaskazini wa lile korongo, la kina Guesh juu ya ukingo wa kusini, na katikati, chini kabisa, ulipita mto mkavu ambao haukuwa wa mtu yeyote. Abrehet alikuwa mtega mabomu wa kikosi chake. Asubuhi ile aliteremka kuyakagua mabomu yake ya ardhini, mizinga ikaanza, ukingo ukamtupa chini pamoja na mawe, na mfupa wa mguu wa kushoto ukakatika chini ya goti. Akajiburuta hadi kwenye pango dogo, akapiga kelele mpaka sauti ikaisha. Juu walishamhesabu na wafu.

Guesh naye alikuwa mmoja wa watatu waliotumwa kutafuta njia ya kupandia. Wenzake wawili walikanyaga. Yeye akabaki juu ya mwamba mmoja, hathubutu mbele wala nyuma, na nyuma kwenyewe hakukuwapo tena, kwa sababu mizinga ileile ilikuwa imeliporomosha genge zima likaifunga njia aliyojia. Alikaa pale kama sanamu tangu asubuhi hadi alasiri, mpaka sauti ya mwanamke, imekwaruza kama mlango mkuukuu, ikatoka pangoni.

"Wewe uliye juu ya jiwe! Una maji?"

"Ninayo! Wewe una njia?"

Ndivyo walivyofahamiana.

Abrehet alimwelekeza hatua chache za kutoka mwambani hadi pangoni, naye akampa maji na shayiri ya kukaanga. Akavunja ubao wa sanduku la risasi akamfunga banzi mguuni. Lugha yao ilikuwa moja. Nyimbo za harusi zilikuwa zilezile, wakagombana tu juu ya nani anaziimba vibaya. Kutoka kwao Guesh, karibu na Adwa, hadi kwao Abrehet, Mendefera, ng'ambo ya mpaka, ni mwendo wa siku mbili kwa mguu wa punda mvivu.

"Nyinyi mnaokula tambi juu ya mkate wa injera mnaweza kweli kupigana vita?" Guesh alimuuliza siku ya kwanza.

"Wenzako wawili waulize," Abrehet alimjibu, kisha akaona aibu. Tangu hapo utani wao ulikuwa kama kutembea juu ya uwanja ule ule wa mabomu. Kila mmoja alijua pa kutokanyaga.

Sasa ilikuwa siku ya tatu, saa nane mchana, mwezi wa Hamle, kilele cha msimu wa mvua, lakini mbingu juu ya korongo ilikuwa ya buluu safi. Ngurumo ikatoka mbali.

"Mizinga," alisema Abrehet.

Guesh akatega sikio. "Mzinga hupiga ukanyamaza. Hii ina mkia. Hii ni mvua, na iko nyanda za juu."

Hapakuwa na haja ya kuelezana zaidi. Watoto wa nchi ile hukatazwa kucheza kwenye mto mkavu mwezi wa Hamle hata jua likiwaka vipi, maana maji huja bila wingu, yamebeba miti na ng'ombe, na hayapigi hodi.

"Tuna saa moja," alisema Guesh. "Pengine na nusu, kama Mungu yuko upande wa mmoja wetu."

"Njia ni moja tu, na inapandia kwetu."

"Najua."

"Utakuwa mateka."

"Mateka mkavu ana afadhali kuliko shujaa aliyelowa."

"Guesh, mimi sitanii." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina, na wote wawili wakalisikia likipita. "Mabomu yote ya humu nimeyatega mimi kwa mikono yangu. Njia ya kupita katikati yake tunaijua wawili tu, mimi na kamanda wangu. Ukiijua na wewe, watu wangu hawawezi kukuacha hai. Na wakikuacha, watu wako watapanda kwayo na kutuchinja. Unaelewa?"

"Naelewa. Basi nifumbe macho."

"Utanibeba umefumba macho?"

"Wewe una macho, huna mguu. Mimi nitakuwa na miguu, sina macho. Ukituweka pamoja tunapata mtu mmoja mzima, mwenye kelele."

Abrehet alifungua shali yake ya kijeshi shingoni, akamwita kwa kidole. Guesh akakaa mbele yake, mgongo kwake. Alizungusha shali mara mbili, akapitisha vidole pembeni kuhakikisha hakuna mwanya. Nywele za Guesh zilikuwa na vumbi na baruti. Ukosi wa sare yake, ile sare ambayo Abrehet alifundishwa kuilenga hata ikionekana ndogo kama punje, ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Mama, alifikiri. Au mke.

"Nani alikushonea?"

"Nilijishonea mwenyewe. Ndiyo maana pamepinda hivyo." Akainua kichwa. "Ulitaka kuuliza nini hasa?"

"Nimeshajibiwa."

Alifunga fundo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mikono yake ilikawia pale kwenye fundo, inatafuta kazi ya kufanya, haipati.

"Na bunduki yako?" aliuliza Guesh. "Sina mkono wa tatu."

Abrehet aliitazama pale ukutani mwa pango. Kupoteza bunduki ni kesi. Lakini mkanda wake ulikatika kwenye yale mawe, mikono miwili ya Guesh ilitakiwa kuishika miguu yake, na yake mwenyewe ilitakiwa kumshika shingo. "Iache," alisema.

Akapanda mgongoni. Mguu ulipoguswa aliuma bega la Guesh ili asipige kelele, na Guesh akashusha pumzi kupitia puani kama maksai anayefungwa nira.

"Nikikuvuta sikio la kulia, geuka kulia. La kushoto, kushoto. Nikiyavuta yote mawili, simama."

"Hivyo ndivyo punda wa kwetu wanavyoendeshwa."

"Sikutaka kusema."

Wakaondoka.

Alihesabu kimoyomoyo, shavu lake karibu na shali. Kila hatua ya Guesh ilikuwa sawa na nyingine, ndefu, tulivu. Hatua za mkulima kwenye mfereji. Pembeni, chini ya kijiwe cheupe, palikuwa na bomu alilolizika siku ya Pasaka. Pale kwenye magugu, jingine. Alivuta sikio la kulia. Akahesabu tena. Jua lilikuwa linachoma, korongo lilikuwa kimya, na kimya chenyewe kilikuwa kibaya: ndege walikuwa wameondoka wote.

Akavuta sikio la kushoto.

"Huyo wa kwanza alikuwa Mikaeli," alisema Guesh. "Na huyu tuliyemaliza ni Mariamu."

Abrehet aliyavuta masikio yote mawili kwa nguvu hata Guesh akaguna.

"Umesema nini?"

"Hatua kumi na mbili. Kisha ishirini na moja. Abrehet, mimi nilikuwa shemasi mpaka nilipofika miaka kumi na sita. Walinifukuza kwa sababu mwavuli wa kasisi ulipinduka na upepo katikati ya ibada nikacheka. Lakini shemasi hatembei bila kuhesabu. Macho umenifunga, miguu hukuifunga."

Abrehet alielewa mara moja. Katika kanisa lao kila siku ya mwezi ina mtakatifu wake. Kumi na mbili ni Mikaeli, ishirini na moja ni Mariamu, na hata mtoto anayechunga mbuzi anajua. Alijiona mjanja kuiandika njia kichwani kwa namna ile, badala ya kuiweka kwenye karatasi inayoweza kukamatwa. Hakufikiria kwamba adui naye alibatizwa.

"Nishushe," alisema.

"Nikushushe wapi? Juu ya bomu lipi?"

"Nimekuua, Guesh. Unaelewa? Kwa kukuleta huku nimekuua."

"Bado sijafa. Nikifa nitakwambia." Sauti yake ilikuwa laini. "Ni nani hao? Mtu hachagui watakatifu hivi hivi."

Ngurumo tena, karibu zaidi. Hewa ilibadilika, ikaanza kunuka udongo uliolowa ingawa mchanga chini yao ulikuwa mkavu kama unga.

"Baba yangu anaitwa Gebremikael," alisema Abrehet hatimaye. "Mama yangu ni Letemariam. Niliitega njia juu ya watu wangu. Nilijua siwezi kuwasahau."

"Na sasa?"

"Sasa ni kaka yangu. Habtegergis."

"Giorgis. Ishirini na tatu." Alianza kutembea bila kuvutwa. Hatua ya tano, ya sita. "Yuko juu huko? Ataniua yeye mwenyewe, au atamtuma mtu?"

"Alikufa mwezi uliopita. Arobaini yake haijatimia."

Hatua zikaendelea. Tisa. Kumi. Kumi na moja.

"Wapi?"

"Kwenye kilima cha makaburi ya kale."

Kumi na nne. Kumi na tano. Abrehet alihisi misuli ya mgongo ule ikikaza chini ya kifua chake, akajua jibu kabla hajauliza. Akauliza.

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilipiga risasi kama wengine. Palikuwa na moshi. Sijui nilimpiga nani, Abrehet. Sijui hata kama nilimpiga mtu. Ningeweza kukudanganya, lakini umenishika masikio."

Machozi yalimtoka bila kwikwi, yakashuka kwenye shali, yakaloanisha macho ya mtu aliyefungwa. Alitaka kumchukia. Aliitafuta ile chuki pale alipokuwa ameiweka, alikoitunza mwezi mzima, akaikuta ipo kweli, lakini ilikuwa imekalia kiti kimoja na kitu kingine, na hakuna aliyekuwa tayari kumpisha mwenzake.

Ishirini na mbili. Ishirini na tatu. Guesh akasimama.

Ndipo walipousikia mto. Haukuwa mngurumo wa mbinguni tena. Ulikuwa sauti ya chini, kama malori mengi yanayopanda mlima kwa gia ndogo.

"Upande gani?" aliuliza Guesh. "Abrehet? Upande gani, na ngapi?"

Korongo lilikuwa linazunguka. Mguu ulikuwa umevimba mpaka banzi likaanza kukata nyama. Alivuta sikio la kushoto, lakini vidole havikuwa na nguvu ya kulishika tena, vikateleza.

"Kushoto, sawa. Ngapi? Usilale. Nitukane. Sema chochote kibaya kuhusu Adwa."

"Siwezi... kukwambia hii."

"Ni nani wa nne?"

"Ni mimi."

"Abrehet si mtakatifu. Hata mtu akikupenda kiasi gani hawezi kusema hivyo."

Alicheka kidogo, na kicheko kikamuuma. Guesh naye hakungoja kuelezwa. Aliyekuwa shemasi alijua kwamba kila mtu ana jina jingine, lile alilonong'onezwa na kasisi majini, ambalo mama yake hulificha kama dhahabu ili mwenye nia mbaya asije akalipeleka kwa mchawi. Mchumba halijui. Jirani halijui. Hutajwa kanisani siku mtu anapofunga ndoa, na hutajwa anapozikwa. Na hapa, kwenye mchanga, mgongoni mwa mtu aliyevaa sare ya waliomuua kaka yake, Abrehet alitakiwa kulitoa.

"Kama huwezi, usiseme," alisema Guesh. "Tutasimama hapa hapa. Maji yakija nitakushika. Si kifo kibaya sana. Nimeona vibaya zaidi."

Alimaanisha. Hilo ndilo lililomvunja. Hakumsihi, hakumtisha. Alisimama tu, amefumbwa macho, amebeba mzigo usiokuwa wake, akisubiri mto.

Abrehet aliweka midomo sikioni mwake, akalitaja.

Guesh aliinamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakuwa na utani.

"Welete-Kidan," alirudia, taratibu, kama mtu anayepokea kitu kwa mikono miwili. "Binti wa Agano. Sikukuu ya Agano. Kumi na sita."

Hatua ya kwanza aliisikia. Ya pili pia. Baada ya hapo giza likamfunika.

Alipozinduka alikuwa amelala juu ya mwamba mpana, jua usoni, midomo ikimwagiwa maji na mtu anayelia. Alikuwa Mjomba Ghirmay, kaka wa mama yake, kamanda wa handaki lile, mwanaume ambaye watu husema hakulia hata alipong'olewa meno bila ganzi.

"Tulishakulilia, mwanangu," alisema. "Tulishakulilia, ukaja."

Nyuma yake wapiganaji kumi walikuwa wamemzunguka mtu mmoja aliyepiga magoti, mikono kichwani. Shali ilikuwa bado machoni pake. Alikuwa amemleta hadi juu, peke yake, Abrehet akiwa amezirai na hakuna wa kumzuia kuifungua, na hakuifungua.

"Huyu ndiye aliyekubeba?" Mjomba alifuta macho kwa kiganja. Sauti ikawa ndogo, ya upole. Abrehet alimjua mjomba wake. Akipiga kelele hana neno. Akinong'ona, kaa mbali.

"Ndiye, mjomba."

"Macho yalikuwa yamefungwa?"

"Njia nzima."

"Kwa hiyo haijui njia."

"Haijui."

Mjomba akamgeukia mateka, akamvua shali mwenyewe, polepole. "Na wewe, mwanangu? Unasemaje?"

Guesh alipepesa macho kwenye mwanga. "Baba, mimi najua masikio yangu tu. Yamevutwa mpaka nasikia vya Asmara."

Mpiganaji mmoja alicheka. Mjomba naye akacheka, akamgonga bega kwa urafiki, akampa chupa ya maji. Akamwacha anywe mpaka atosheke. Ndipo akauliza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo:

"Abrehet, bunduki yako iko wapi?"

Hakuna aliyecheka.

"Imebaki pangoni, mjomba. Hakuweza kunibeba mimi pamoja nayo."

"Bila shaka. Mwanangu," alimwambia Guesh, "kailete."

"Mjomba, maji yanakuja! Si mnayasikia?"

"Ndiyo maana namwambia aende sasa." Aliinama karibu na mpwa wake, akamtengenezea blanketi mabegani. Alinong'ona. "Kama hajui njia, hatafika, nami nitaomba toba kwa Mungu kwa mateka mmoja. Lakini akirudi hapa na bunduki mkononi, basi kuna mtu amemwambia. Watu mia moja na ishirini wanalala juu ya njia ile, Abrehet. Kaka yako alikuwa mmoja wao. Sitaki kukuuliza mara mbili. Nataka miguu yake inijibu."

Guesh alikuwa amesikia, au alikuwa ameelewa bila kusikia. Alisimama, akajifuta magoti kama anayekwenda dukani.

"Baba, ina risasi? Nisije nikajipiga mguu."

"Ina risasi."

Akamtazama Abrehet. Alimkagua kuanzia nywele zilizojaa mchanga hadi kwenye banzi alilolifunga mwenyewe, akakunja uso kidogo kama fundi asiyeridhika na kazi yake. Kisha akashuka kwenye ngazi ya mawe.

Abrehet alijivuta hadi ukingoni mwa mwamba. Chini pale, ngazi iliishia kwenye jiwe bapa. Kutoka kwenye jiwe lile, mtu anayejua njia hugeuka kulia, anaandama ukuta wa korongo, hatua kumi na sita. Mtu asiyejua angeenda kushoto, kwa sababu kushoto ndiko mchanga ulikuwa laini na mpana, unamkaribisha. Alikuwa ameuchagua kwa sababu hiyo.

Guesh alisimama juu ya jiwe bapa. Mto ulikuwa unanguruma sasa kiasi kwamba vijiwe vidogo vilikuwa vinacheza. Alitazama kulia, kwa sekunde moja tu. Akainua uso juu, akamwona, akatabasamu lile tabasamu lake la kanisani.

Akageuka kushoto.

Hakuwa amesahau. Shemasi hasahau. Alikuwa anakwenda kuuthibitisha uongo wa Abrehet kwa mwili wake, ili mjomba aridhike, ili mama yake Letemariam asizike watoto wawili ndani ya siku arobaini. Mguu wake wa kulia ulinyanyuka. Chini yake, kiganja kimoja ndani ya mchanga, lilikuwapo bomu ambalo Abrehet alilifunika kwa vidole vyake mwenyewe, taratibu, kama anayemfunika mtoto.

"Usikanyage!"

Sauti iliyokuwa imeisha siku tatu zilizopita ilitoka yote kwa mara moja.

"Kulia, Guesh! Kumi na sita! Rudi!"

Mguu ukasimama hewani. Guesh aliurudisha mguu juu ya jiwe bapa, akabaki amempa mgongo, kichwa kimeinama.

Mjomba Ghirmay alivua kofia, akaivaa tena.

"Kumi na sita," alisema. Alikuwapo kanisani siku ile ya ubatizo, alimshika mama mtu mkono. "Hilo jina nalo umempa?"

"Nimempa."

"Adui."

"Mtu aliyenibeba, mjomba."

"Nitamwambia nini mama yako? Hatauliza ni nani aliyekubeba. Atauliza ni nani waliomuua mwanawe, na wewe umekwenda kumpa mmoja wao kitu ambacho hata mume hajakistahili mpaka asimame mbele ya madhabahu!" Sasa alikuwa anapiga kelele, na kwa kitambo kidogo Abrehet alipata matumaini. "Ungenyamaza! Ungenyamaza tu, mtoto wewe, ningekuamini mpaka naingia kaburini!"

"Najua, mjomba."

Guesh alikuwa amepanda nusu ya ngazi, mikono juu, mto ulipofika. Ulikuja ukiwa ukuta wa rangi ya kahawia wenye miti mizima ndani yake, ukageuka kwenye kona, ukaingia kwenye uwanja wa Abrehet. Bomu la kwanza likalipuka. La pili. Kisha mengi kwa pamoja, minara ya maji na matope ikirushwa juu, Mikaeli na Mariamu na Giorgis, yote aliyoyatega kwa miezi mitano yakiondoka kwa dakika chache. Pango likazibwa. Mwamba ambao Guesh alikuwa amekwama juu yake ukamezwa.

"Kamanda," alisema mpiganaji aliyecheka mwanzoni, kwa sauti ya kubembeleza, "njia imekwisha. Hakuna siri tena ya kutoa."

Mjomba aliutazama mto.

"Siri imekwisha," alisema, akinong'ona. "Uongo haujaisha. Wafungeni. Makao makuu wana gari linalokuja saa kumi na moja, watakwenda nalo wakahukumiwe. Mguu wake ufungwe upya kwanza."

Wakafungwa mgongo kwa mgongo kwenye nguzo ya handaki, kwa kamba moja, kwa sababu kamba nyingine ilikuwa imeshikilia hema. Mtu wa huduma ya kwanza alilivua banzi la ubao wa risasi, akalisifu, akafunga jipya, akaondoka bila kumtazama Abrehet usoni. Hata wale aliokula nao sahani moja mwaka mzima walipita mbali.

"Nilikuwa nafanya makusudi," alisema Guesh baada ya muda.

"Niliona."

"Ilikuwa imebaki hatua moja tu. Ungenyamaza, mwezi huu huu wangekurudisha nyumbani kwenu."

"Kwetu na nani?"

Abrehet alihisi kichwa cha Guesh kikiegemea nyuma, polepole, mpaka kikakutana na chake. Alisogeza vidole ndani ya kamba, ikamkwaruza ngozi, akaendelea kusogeza mpaka akapata kidole kimoja cha mkono ule mwingine, akakishika.

Kutoka barabara ya juu, mapema kuliko ilivyosemwa, ikasikika injini ya gari.